Jina Kwenye Kutoka

Barua ya majaribio ilirudi na jina la marehemu.

Ilikuwa mchana kweupe, feni zikizunguka, watu wamerudi kwenye meza zao za kazi wakiwa wameshiba. Injinia, mkuu wa waandishi wa programu katika kampuni ya kusafirisha barua pepe za wateja, alikuwa amejitumia barua mwenyewe ili apime marekebisho. Akatazama palipoandikwa Kutoka. Jina lake halikuwepo. Lilikuwepo jina kamili la Sindano, aliyezikwa mwezi uliopita.

"Nani kachezea mashine yangu?" aliuliza, akijichekesha.

Wenzake waliinamia kazi zao. Hakuna hata aliyecheka naye.

Sindano walimwita msichana huyo hivyo kwa wembamba wake, na kwa jinsi alivyolichokonoa kosa mpaka litoke. Yeye ndiye aliyejenga sehemu ya programu inayoshughulikia vichwa vya barua, ile mistari ya juu inayosema barua imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, mada ni ipi na majibu yarudi wapi. Kila kichwa alikifanya kitu kinachojitegemea, chenye jina lake na thamani yake, yaani maneno kinayoyabeba, na vyote vikazaliwa na klasi moja, kiolezo kimoja cha programu, kama ndugu wa tumbo moja. Alitaka kuongeza jambo dogo tu: kitu cha Kutoka kikishazaliwa, kifungwe, thamani yake isiguswe tena na yeyote. Injinia, aliyekuwa akikagua kazi za wenzake, alikataa. Alisema wateja watalalamika.

Uongo. Ule upenyo aliuhitaji yeye. Cheo cha ukuu kilikuwa kinamwelekea Sindano, kila mtu ofisini alikiona kinavyokwenda. Basi asubuhi moja Injinia alimwandikia mkurugenzi barua ya matusi ya nguoni, akabadilisha thamani ya Kutoka, barua ikasomeka ni ya Sindano. Mkurugenzi alimfukuza mbele ya watu. Msichana alilia, akaapa, akafungua programu aonyeshe jinsi mtu anavyoweza kuandika kwa jina la mwenzake. Injinia akasema kitu kama hicho hakiwezekani, na yeye ndiye aliyeaminiwa. Haukupita muda, Sindano akaanguka jikoni kwa mama yake. Presha. Hakuinuka tena. Injinia alikwenda kuzika, akampa mama mtu mkono wa pole, akarudi ofisini kukalia cheo.

Sasa alipitia programu mstari kwa mstari. Hakuona kosa. Akatuma barua nyingine, likaja jina lilelile. Akaunda kitu kipya kabisa, akakipa jina lake mwenyewe, kisha papo hapo akakiuliza: thamani yako ni ipi? Kikajibu kwa jina kamili la Sindano. Akaandika kwa mikono yake ile kufuli aliyoikataa, na kufuli ikafanya kazi vizuri mno: jina la marehemu likafungiwa mle ndani, likagoma kutoka.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia, harufu ya kafuri, nyepesi kwanza, kama mtu amepita mlangoni, halafu nzito ya kukaba koo, na alipoinua kichwa ili aulize kama wengine nao wanaisikia, akasikia kucha zikigonga kwenye kibodi kule dirishani, haraka haraka, kwa ule mwendo aliokuwa akiuchukia kwa sababu haukuwahi kukosea herufi, na akatazama kiti cha dirishani, kiti kitupu cha Sindano, kisichokaliwa tangu afukuzwe, akaviona vitufe vikibonyea kimoja kimoja bila kidole, na kwenye skrini yake mwenyewe maneno yakajipanga: Ulisema haiwezekani.

Alichukua koti lake akaenda nyumbani bila kuaga.

Mkewe alikuwa anakunja nguo sebuleni. "Mbona mapema, baba watoto? Unaumwa?"

"Nipe maji," alisema.

Mkewe aliangusha shati. Sauti iliyotoka kinywani mwa mume wake ilikuwa ya mwanamke kijana, nyororo, yenye kigugumizi kidogo mwanzoni mwa neno. Injinia alijishika shingo. Akajaribu tena, ikatoka ileile. Akalia, na kilio nacho hakikuwa chake.

"Usiseme," mkewe alinong'ona, akifunga mlango. "Watoto watasikia. Nong'ona."

Mnong'ono hauna mwenyewe. Kwa mnong'ono aliweza kusema, na kwa mnong'ono alimweleza mkewe yote, wakiwa wamekaa chini nyuma ya kochi kama wezi.

"Yule binti tuliyekwenda kumzika?" mkewe alinong'ona. "Nikamshika mama yake mkono, nikamwambia ni mipango ya Mungu? Kumbe mipango ilikuwa yako?"

Hakumkumbatia. Lakini kesho yake alimpeleka kwa mganga.

Mganga alikuwa mama mnene mwenye mafua, aliyefanyia kazi chumba cha nyuma ya duka la viatu. Alitia ubani kwenye chetezo, akapiga chafya, akamfunika Injinia shuka jeupe. Moshi ulipojaa chumbani, mabega ya Injinia yalianza kutikisika na shingo ikalala upande. Jini lilikuwa limepanda.

"Nani wewe?" mganga aliuliza.

"Mwenzake Sindano. Nimekaa naye tangu anatambaa. Hakunidhuru, sikumdhuru."

"Umetoka wapi?"

"Kwenye kaburi lake. Nililala mlangoni mpaka nikachoka kulala."

"Na umekuja kwa nani?"

"Kwa huyu."

"Haya, sema unachotaka, mgeni wetu. Nguo? Damu ya kuku? Manukato?"

Kicheko kilitoka chini ya shuka, kirefu. "Mimi si wa kuhongwa kwa kuku. Huyu alisema kwa jina la mwenzangu. Basi na aendelee kusema kwa sauti ya mwenzangu, mpaka mama aliyemzaa atamke mwenyewe kwamba imetosha."

Mganga alifunua shuka, akafuta pua. "Hapa sina dawa," alimwambia mke. "Mwenye neno ni mama mtu. Lakini kwanza jina la binti lisafishwe. Mkienda mikono mitupu atawamwagia maji ya moto, na mimi nitasema kafanya vema."

Injinia aliandika ungamo kwa kalamu, akatia sahihi, mkewe akalipeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi wote, akalisoma kwa sauti, akatamka kwamba Sindano hakuwa na hatia. Injinia alifukuzwa kwa maneno yaleyale aliyofukuzwa nayo msichana. Jioni hiyo wakaenda.

Mama yake Sindano alikuwa fundi cherehani. Aliwakuta mlangoni mwake akiwa na futi ya kupimia shingoni. Alimsikiliza mke wa Injinia mpaka mwisho, habari ya barua, ya ungamo, ya jini. Uso wake haukuonyesha kitu. Akarudi ndani, akaketi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona pindo.

Injinia alimfuata ndani, akapiga magoti sakafuni. "Mama," alisema, "nisamehe."

Cherehani ilisimama.

Mama alikaa bila kugeuka, mkono juu ya gurudumu. "Sema tena."

"Mama, nisamehe."

"Hilo la pili liache. Sema la kwanza."

"Mama."

Aligeuka taratibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini hakuwa na uso wa mtu anayelia. Alisogea, akamshika Injinia kidevu kama anayepima kitambaa, akamtazama ndani ya kinywa.

"Mama yangu," mke wa Injinia alinong'ona, "kazi hana tena. Watoto wanamkimbia. Neno moja tu, useme imetosha, apone."

"Anaumwa mahali?"

"Haumwi, ila..."

"Basi." Mama alivuta kigoda, akaketi mbele ya Injinia, magoti kwa magoti. "Mwanangu aliondoka chungu kikiwa jikoni, sikuambulia hata neno la kuniaga. Imetosha nini? Hata hajaniambia siku yake ilikuwaje."

Injinia alitaka kusimama. Miguu haikumtii. Kinywa chake kikafunguka chenyewe, na ile sauti nyororo ikaanza kusimulia, bila haraka, mambo ambayo hakuyajua wala hakuwahi kuyasikia: wimbo wa kubembelezea, kovu la gotini, rafiki wa shuleni aliyehama. Mama aliitikia kwa kichwa, akacheka kidogo, akauliza, akajibiwa. Juu ya tabasamu ambalo halikuwa lake, macho ya Injinia yalimtazama mkewe yakiomba msaada.

"Wewe nenda kapike, mwanangu, watoto wasilale na njaa," mama alimwambia mke bila kumtazama. "Utamfuata tukimaliza. Na kesho umlete mapema."

Mke alitoka. Alipofika barabarani aliwasikia kwa nyuma wakicheka kwa pamoja, wanawake wawili.