Mbuzi wa Baba na Mashine ya Kuosha Vyombo

"Umemuua mume wangu mara ya pili!"

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya jiko langu, kibuyu mkononi... kimepasuka kuanzia mdomoni mpaka tumboni!

Maji ya sabuni yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Mimi ndo kwanza naingia na samaki wangu, sato, kutoka sokoni. Sielewi kitu!

"Mama, kimefanyaje?"

"Unaniuliza mimi? Nimekitoa humu!"

Akanyoosha kidole. Mashine ya kuosha vyombo... mlango wazi, povu linamwagika sakafuni.

Jamani!

Ngoja niwaeleweshe, maana najua kuna mtu hapo ameshaanza kucheka. Kile kibuyu kilikuwa cha marehemu baba mkwe, mzee Wanzagi wa Butiama. Alikinywea maziwa mpaka anakufa. Mama mkwe alipohamia kwetu Mukendo, mjini Musoma, alikuja na nguo zake chache na kibuyu hicho. Akitaka kukisafisha anakifukiza kwa kijinga cha moto, basi. Sabuni kilikuwa hakijawahi kuiona! Na mimi mkamwana sikuruhusiwa hata kukisogeza.

Sasa kimechemshwa kwenye mashine.

Na mashine ilikuwa ya nani? Yangu!

Mume wangu Lameck aliinunua kwa Mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa anahama. Akawa anaionyesha kwa kila mgeni, ila yeye hajawahi kuingiza humo hata kijiko. Mimi ndo niliijua. Kila wiki nachomoa chujio la chini, natoa miba ya samaki furu na mabonge ya ugali wa udaga. Nazibua vile vitundu vinavyorusha maji kwa kijiti cha meno. Nafuta raba ya mlango na siki. Dada wa kazi hatukuwa naye, mashine ndo ilichukua nafasi yake.

Nyumba nzima tulikuwa watatu tu.

Lameck akaitwa kutoka kazini. Akaingia, akakiangalia kibuyu, akaangalia chini.

"Lameck, mwambie mama! Wewe si unanijua?"

Akaanza kusukuma povu sakafuni kwa kiatu.

"Lameck!"

"Mke wangu, Hana... kwa nini umefanya hivi?"

Wee! Nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu niliyelala naye kitanda kimoja.

Hukumu ikatoka siku hiyo hiyo. Nirudi kwetu Bunda. Nisikanyage pale mpaka baba yangu anilete mwenyewe, na mbuzi, aombe radhi mbele ya wazee wa ukoo wao.

Nililia njia nzima mpaka Nyasura, kwetu Bunda.

Kichwani nilikuwa na jibu moja tu: mama mkwe amekitumbukiza mwenyewe ili anifukuze! Hajawahi kunipenda yule mama. Siku zote alitaka Lameck aoe Butiama. Nilimchukia, sitawaficha. Nilimchukia hadi chakula hakipiti.

Lameck hata sikumfikiria. Mtu asiyejua sufuria zinakaa wapi!

Baba yangu, mzee Mihayo, ni mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache. Aliniuliza swali moja.

"Ulikiweka wewe?"

"Sikukiweka, baba."

"Basi nimesikia. Lakini ndoa ni yako. Tutaenda."

Akachagua beberu wake, yule mzuri kuliko wote, anayemwita kwa jina.

Jioni moja nilipita karibu na zizi nikamsikia anaongea peke yake. Nikasimama.

"Nisameheni wazee wenzangu... nimelea vibaya."

Anatulia. Anaanza upya.

"Nisameheni wazee wenzangu. Binti yangu sikumfundisha..."

Alikuwa anafanya mazoezi! Baba yangu! Mzee ambaye toka nazaliwa sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi, sasa anakariri aibu mbele ya mbuzi, kwa kosa ambalo mwanaye hakulifanya.

Nilijibanza nyuma ya ghala, nikalia hadi kwikwi.

Ijumaa mchana, kesho yake ndo tunaenda, simu ikaita.

Lameck!

Nikasema amenikumbuka. Amepiga kuomba radhi huyu!

"Hana, za huko?"

"Nzuri..."

"Eti, hii mashine inakuwaga na shida gani? Vyombo vimejaa jiko zima. Nimeiwasha, imeandika E4, imegoma."

Jamani! Nimefukuzwa kwa ajili ya mashine, halafu napigiwa simu kuitengeneza!

Na mimi mjinga nikajibu. Nilikuwa namhitaji bado.

"Maji yamesimama chini?"

"Yapo. Yananuka!"

"Zima umeme ukutani kwanza. Toa kreti ya chini. Chota hayo maji na kikombe, uyamalize."

"Eeh."

"Utaona chujio la duara. Lizungushe kushoto, livute juu."

"Subiri, nikuweke spika, mikono yote imeloa."

Nikasikia simu inawekwa mezani. Yangu nayo sikio lake ni bovu, naiwekaga spika siku zote. Baba alikuwa amekaa pembeni yangu, anasokota kamba mpya ya beberu.

"Limetoka. Limejaa vitu vyeusi, kama mkaa. Na kamba ya ngozi."

Kamba ya ngozi... ya kukining'inizia kibuyu.

"Suuza. Ndani umeona nini kingine?"

"Povu. Yaani povu haliishi!"

"Povu? Dawa ya mashine haitoi povu. Umeweka nini?"

"Si ile sabuni ya unga, ya kufulia."

"Leo?"

"Leo wapi, imegoma kabla sijaweka kitu. Hiyo niliiweka siku ile ya..."

"Siku ipi, Lameck?"

Nikasikia chujio linaanguka kwenye sinki.

"Siku ipi?!"

"Hana, sikujua kama kitapasuka."

Nikakaa chini. Chini kabisa, kwenye vumbi.

"Bosi wangu alikuwa aje kula. Kibuyu kinanuka moshi, Hana. Nilitaka kiwe kisafi tumwekee maziwa humo, aone asili yetu. Nikakiweka asubuhi, nikaenda kazini. Nilipoitwa, nikakuta mama anapiga kelele... nikaogopa."

Akaogopa! Mwanaume mzima mwenye ndevu!

Mara nikasikia sauti nyingine jikoni kule.

"Lameck, nipe hiyo simu."

Mama mkwe! Alikuwepo! Asante Mungu, nikasema, leo ukweli umejisema wenyewe.

"Mama, umesikia kwa masikio yako!"

"Nimesikia. Na nilikuwa najua."

"...Ulikuwa unajua?"

"Kibuyu kilinuka sabuni ya kufulia. Wewe hiyo huwekagi humo, unatugombezaga kila siku. Na asubuhi ile nilimsikia Lameck anahangaika jikoni."

"Sasa mama... kwa nini ulinifukuza mimi?"

Hakusita hata kidogo.

"Mwanangu nimfukuzie wapi?"

Yeye akaendelea, sauti imetulia kabisa.

"Kesho njooni kama tulivyopanga. Wazee wameshaalikwa. Baba yako aseme maneno yake, mbuzi achinjwe, yaishe. Ukimtaja Lameck pale, atakaa wapi na wanaume wenzake?"

Na mume wangu, kwa mbali: "Nisitiri, Hana. Ni siku moja tu."

Siku moja! Siku moja ya nani? Ya baba yangu, kuinama mbele ya watu wanaojua kabisa kwamba hana kosa!

Nikakata simu.

Nikageuka. Baba alikuwa ameacha kusokota. Alisikia yote.

Akanyanyuka, akaenda kwa beberu, akamshika shingo kama anamwomba samahani.

"Isidori!" akamwita jirani yetu. "Njoo na kisu!"

"Mzee, si kesho? Si anapelekwa Musoma?"

"Hapelekwi popote. Leo tunakula."

Tulikula, ndugu zangu! Watoto wa majirani walikula mpaka wakalala hapo hapo uani.

Vyombo nilivikusanya nikaviosha kwa mkono, kwa majivu, kama nilivyolelewa. Baba akavuta kigoda, akakaa mbele ya beseni la pili, akaanza kusuuza. Sijawahi kumwona baba akishika chombo kichafu.

Najua mtakuja na "rudi kwa mumeo, ni kosa dogo". Kibuyu ni kosa dogo, nakubali! Angesema siku ile ile ningecheka naye mpaka leo. Mimi siumii kwa kibuyu. Naumia kwamba walikaa meza moja, mama na mwana, wote wanajua, wakanisubiri nije na mbuzi.

Mwenye mashine kama yangu, safisha chujio kila wiki na sabuni ya kufulia usithubutu kuiweka humo. Na dada ambaye hujaolewa, usimpime mwanaume kwa anavyokutetea ukisingiziwa na watu baki. Subiri siku akikosea yeye. Angalia kosa lake anamtwisha nani.

Jumamosi wazee walikaa Mukendo wakisubiri mpaka jua likazama.

Jioni ile ikaingia meseji ya Lameck. Nilidhani anauliza tuko wapi.

"Hana, E4 imerudi tena. Nafanyaje?"

Najua tatizo lake. Kipande cha kibuyu kimeshuka chini ya chujio, kimekwama kwenye pampu. Ukitoa kile kifuniko kidogo unakivuta kwa vidole, inapona.

Meseji nimeisoma. Sijajibu.