Sanduku Lenye Kufuli

Hadithi hii inanuka. Mwenye tumbo jepesi aiache hapa hapa, akatafute ya sungura.

Siku kengele ilipolia kwa mara ya kwanza bila mtu, Immaculée alikuwa jikoni akichemsha chupa za maziwa, na jua la Sydenham, mtaa wa Durban, lilikuwa linazama. Aliinua kichwa kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba sanduku lilikuwa limetiwa kufuli tangu asubuhi. Kengele ile ililia tu mlango wa nje wa sanduku ulipofunguliwa. Sasa nani alikuwa ameufungua, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bi Tasneem, mwenye nyumba?

Sanduku lilijengwa ndani ya ukuta wa nyumba. Mlango wake mmoja ulitazama kichochoro, wa pili ulifungukia jikoni, na katikati palikuwa na kigodoro na blanketi. Mama aliyeshindwa kulea alikuja akamlaza kichanga chake pale, akaenda zake bila kuulizwa jina. Bi Tasneem, mjane aliyezaliwa Durban na wazee wenye asili ya Afrika Mashariki, aliwapa wafanyakazi wake sharti moja. Kengele ikilia, usikimbilie. Kaa, mpe mama nafasi ya kupinda kona, ndipo ufungue.

"Hapa hatuoni uso wa mtu," alizoea kusema. "Wakisikia tunachungulia, wa kesho atamtia wake kwenye pipa la taka."

Immaculée, Mkongo wa Bukavu aliyeacha kazi ya kusuka nywele ili alee watoto wa sanduku, alilishika sharti hilo kama sala. Miaka mitatu hakuwahi kumwona mama hata mmoja.

Ndipo asubuhi ile akaja bwana mmoja wa ofisi ya ustawi wa jamii, viatu vinang'aa, leso puani kwa sababu ya harufu ya nepi. Akasema kumwacha mtoto ni jinai, na sanduku linasaidia jinai. Walifunge, ama watoto watatu waliokuwa wakilelewa mle nyumbani wachukuliwe.

"Kuna nchi sheria inamruhusu mama amweke mtoto mahali salama na aende," Bi Tasneem alimwambia. "Hakamatwi, haulizwi."

"Hapa si huko, mama."

Alikula sambusa za Bi Tasneem, akafuta mafuta vidoleni, akasimama kichochoroni mpaka akasikia kufuli limelia ka! Hakuuliza wanawake wangekwenda wapi. Watu wa namna hiyo wanatia kinyaa kuliko jini lolote, lakini hadithi hii ni ya jini, turudi kwake.

Jioni ile Immaculée alingoja kidogo, kama sharti lilivyotaka, halafu akafungua mlango wa jikoni. Sandukuni hamkuwa na mtoto. Blanketi lilikuwa limelowa maji ya uvuguvugu, na harufu iliyotoka ilikuwa ya maziwa yaliyochachia ndani ya chupa, na chini yake harufu nyingine, ya bucha lililokatikiwa umeme. Nje, kufuli lilikuwa linaning'inia wazi.

Magharibi ya pili kengele ililia tena. Blanketini palikuwa na donge la nywele limeshikamana kwa mafuta meupe. Bi Tasneem akalifukia uani, akalifunga sanduku upya na kutikisa kufuli kuhakikisha.

Magharibi ya tatu palikuwa na kondo la nyuma, bichi, linatoa mvuke, na lilipoguswa na ncha ya mwiko likajikunja. Immaculée alitapikia sinki, juu ya chupa alizokuwa ametoka kuzichemsha.

"Mama, hii haiko ya mutu," alinong'ona huku akijifuta mdomo. "Kweli, vraiment, hii haiko ya mutu."

"Nyamaza, watoto watakusikia," alisema Bi Tasneem, ingawa watoto wenyewe hawakuwa hata na meno.

Wakamwita Ustadh Yakoob, fundi simu wa soko la Warwick ambaye akishafunga kibanda chake huwasomea wenye mashetani. Alisoma akiwa ameegemea mlango wa sanduku, akanyunyiza maji, akatia pua ndani mara moja tu. Alipoitoa uso wake ulikuwa umesawijika, na alitema mate mara nyingi kabla ya kusema.

"Hili ni jini la mapipani. Limezoea kula kinachotupwa. Nyumba iliyokuwa ikipokea imefunga mlango, basi lenyewe limekuja kufungua. Eish, Bi Tasneem, linawapokea badala yenu."

"Na hivi vitu linavyotuletea?"

"Linapatengeneza. Linapafanya kwake."

"Tutoe kufuli," alisema Immaculée. "Tufungue kama zamani, litaenda."

"Na hawa watatu waje kuchukuliwa?" Bi Tasneem aliuliza kwa uchungu. "Hapana. Jumatatu fundi anaziba kwa matofali, yaishe."

Yakoob alikusanya vitu vyake haraka. Mlangoni akageuka. "Litalia kama mtoto. Msifungue. Kisichozaliwa hakina kitovu, hiyo ndiyo tofauti yake, lakini mpaka ulishike tumbo utakuwa umeshatia mkono mdomoni mwake."

Jumapili, jua likizama, kengele ililia.

Bi Tasneem alikuwa chumbani na watoto, ameshatandika mswala. Immaculée alisimama jikoni na mikono yake miwili kifuani. Kikaanza kilio. Kilikuwa chembamba, cha kichanga cha siku moja, kisha vikawa viwili, kisha vingi, vyote vya sauti moja, na harufu ikapenya pembeni mwa mlango mpaka macho yake yakatoka machozi. Bi Tasneem alitokea mbio, akamshika kiuno.

"Usifungue! Umemsikia Yakoob!"

"Mama, sikia. Kuko moja iko na kwikwi."

Ni kweli. Katikati ya kelele zile palikuwa na kilio kimoja kilichokatikakatika kwa kwikwi, kama mtoto aliyelia sana akachoka, na Immaculée, aliyekuwa amelea vichanga vingi kuliko alivyoweza kukumbuka, alijua moyoni kwamba jini linaweza kuiga kilio lakini halijui kuchoka. Yule alikuwa mtoto wa mtu. Ikiwa asingefungua, mtoto wa mtu angeliwa ukutani mwa nyumba iliyojengwa kumwokoa. Alijinasua.

Alifungua mlango kiasi cha kupita mkono, bega la kushoto likiusukuma ule mlango kwa sababu kulikuwa na kitu kinausukuma kutoka ndani, akaupeleka mkono wa kulia gizani, ukazama mpaka kiwiko katika uji wa moto wenye mabonge, na ndani ya uji ule palikuwa na miili, midogo, mingi, ikimpandia mkononi na kumnyonya ngozi kwa midomo isiyo na meno, na yeye akilia na kumtaja Bikira Maria akapapasa tumbo la kwanza, laini, halina kitovu, la pili, laini, la tatu laini kama sahani, akaendelea kupapasa huku matapishi yamemjaa kooni, mpaka kidole chake kikagusa kipande cha kitovu kilichofungwa fundo kwa uzi, uzi mgumu ule wa kushonea nywele za bandia, ambao vidole vyake viliujua kwa miaka yote ya saluni. Akamkamata huyo. Alipoanza kumvuta, vidole vidogo vilikishika kidole chake cha mwisho, vikang'ang'ania. Alisisimkwa na kinyaa mwili mzima, akavikung'uta, akamtoa mtoto, akaubamiza mlango na kuutia komeo.

Alikuwa msichana. Alikuwa hai, amepakwa uchafu mpaka kwenye kope, anapumua. Nyuma ya mlango kwikwi iliendelea kidogo, dhaifu, halafu ikakatika.

"Linaiga bado," alisema Bi Tasneem.

"Linaiga," alijibu Immaculée.

Walimwogesha mara tatu, wakamwita Tahira, na walicheka na kulia kwa pamoja alipoishika chupa na kunyonya kwa pupa. Usiku ule nyumba haikunuka. Immaculée alilala na mtoto kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu kufuli lije aliona moyo wake umetulia.

Asubuhi msichana mmoja alikuwa amesimama getini, kanga imemfunika mpaka puani. Immaculée alijua mara moja ni nani, akashusha macho chini, kwani sharti ni sharti.

"Mama," sauti ilisema, ya kitoto kabisa, Kiswahili cha kwao Kivu. "Nisamehe. Sikuje kubachukua. Nilitaka tu kujua kama batoto banaamuka muzuri."

"Mutoto iko muzuri. Anakunywa."

"Na mwingine?"

Immaculée alitazama viatu vya yule msichana. Vilikuwa ndala za plastiki, na kwenye kisigino palikuwa na damu iliyokauka.

"Mwingine gani, mwanangu?"

"Iko babili, mama. Mapacha. Ule mwanaume alilia sana njiani, mpaka akashikwa na kwikwi. Nilikuta kufuli iko wazi, nikasema Mungu anaona. Nilibalalisha banashikana mikono, juu basiogope." Sauti ikapanda. "Mwingine iko wapi?"

Ndipo Immaculée alipoinua macho, akaona uso. Alikuwa hajafika hata miaka kumi na saba. Kama angemwona jana, kama angelivunja sharti mara hiyo moja tu katika miaka yote ile, angeona mikono miwili imebeba watoto wawili. Na sasa binti huyu asingeweza kwenda kuulizia popote. Mahali pa kuulizia palikuwa kituo cha polisi, na pale wangemkamata yeye.

Alikimbilia jikoni, akavuta komeo. Sanduku lilikuwa kavu. Kigodoro kilikuwa kimenyooka, blanketi limekunjwa pembe nne, na hapakuwa na harufu yoyote. Palikuwa pasafi kama sahani iliyolambwa. Immaculée alikaa sakafuni, akakishika kidole chake cha mwisho, akapiga yowe ambalo Bi Tasneem hakuweza kulinyamazisha, na getini binti akalisikia, akajua.

Fundi wa matofali alipokuja, alimkuta Immaculée ameketi mbele ya sanduku, hasogei. Bi Tasneem alimwomba, akamwomba tena. Fundi akasema basi atarudi kesho.

Jua lilipozama kengele ililia. Kilio kilikuwa kimoja tu safari hii, na kilikatikakatika kwa kwikwi.

"Mwanangu, usifanye hivyo," Bi Tasneem alisema taratibu kutoka mlangoni, Tahira mikononi mwake. "Nakusihi."

"Ni yeye, Mama. Niliacha mukono yake. Niliikung'uta."

Aliufungua mlango wote, akaingiza mkono. Hakukuwa na uji wala kundi la miili, palikuwa pakavu na joto. Vidole vidogo vilikitafuta kidole chake cha mwisho, vikakishika palepale viliposhika jana. Immaculée alianza kulia kwa furaha. Akaufuata ule mkono mdogo mpaka begani, akashuka kifuani, kifua kikiruka kwa kwikwi, akashuka tumboni kulitafuta fundo la uzi.

Tumbo lilikuwa laini.

Alivuta mkono, lakini vidole havikumwachia.