Uso Chini ya Maua

Jumamosi asubuhi, katikati ya soko la Bologna, mtu mwenye akili timamu hapiti na mchoro wa mita nzima uliofungwa blanketi. Loris Bergonzoni alipita nao. Kati ya meza za samaki na wanawake wanaogombania nyanya, kona ya fremu ilimpata Nives Zanarini kwenye muundi wa mguu. Kikapu kikamponyoka, machungwa yakatawanyika chini ya matao.

"Samahani sana, dada. Nimekuumiza?"

"Mguu achana nao. Toa hicho kidole gumba nyuma ya turubai. Unaisukuma rangi, itapasuka."

Loris akakitoa upesi. Alikuwa mrefu, ovaroli ya buluu ya fundi wa lifti, nywele zimetimka. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka thelathini na ushei, koti la kijani, vidole vina madoa ya rangi.

"Umejuaje kama ni mchoro?"

"Kazi yangu ni kusafisha michoro ya zamani. Unaupeleka wapi?"

"Natafuta mtu wa kuusafisha."

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Nives akajaribu kutembea, akachechemea. "Basi itabidi unibebee na kikapu," akasema.

Loris akabeba vyote viwili hadi karakana ya Nives, ghorofa ya nne. Ndani ya lifti alitega sikio, akisikiliza mashine. "Hii lifti naihudumia mimi," akasema kwa fahari, kana kwamba ameizaa.

Mchoro ulikuwa wa mafuta, wa miaka zaidi ya mia tatu, mali ya shangazi yake Loris, bibi Iole. Ulionyesha mwanamke ameegemeza shada la maua ukutani kwa mkono wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa mweusi tii kwa masizi ya mishumaa. Ukoo wote ulimwita mwanamke huyo Uaminifu. Tangu enzi za babu, kila mchumba wa Bergonzoni alishikana mikono na mwenzake mbele yake, na shangazi alitaka ung'ae kabla ya kutimiza miaka themanini.

"Na wewe umewahi kusimama mbele yake?" Nives aliuliza.

"Mara moja, na Mirella. Baada ya wiki mbili nikagundua ana bwana mwingine. Ukoo mzima ulikuwa unajua, isipokuwa mimi." Loris akasugua kidevu. "Ukinichoka, Nives, niambie. Ukiniona mjinga, niambie. Ila usinifiche jambo."

"Sitakuficha," akasema, na alimaanisha.

Mwezi haukuisha wakawa wanapigiana simu kila saa ya chakula cha mchana.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula tambi za tortellini."

"Bila mimi?"

"Nimekubakizia supu."

"Supu tupu? Hayo ndiyo mapenzi?"

"Njoo uone kama ni tupu."

Siku moja pamba ya Nives yenye dawa ya kusafishia ikayayeyusha maua. Yalikuwa rangi changa, yamechorwa na mtu wa baadaye. Chini yake ukachungulia uso wa bandia, wa kuvaa kwenye michezo ya jukwaani. Nives akaweka pamba chini. Katika michoro ya aina hii, ambamo mtu huchorwa kuwakilisha tabia, kila mwanafunzi wa sanaa anajua: mwanamke aliyeshika uso wa bandia ni Ulaghai. Vizazi vitatu vya watu vilikuwa vimekula kiapo mbele ya Ulaghai.

Akampigia mwenye mali. Shangazi Iole akaja na koti lake la manyoya na rangi yake nyekundu ya midomo, akatazama, akajishika kifua.

"Rudisha maua, mwanangu. Na Loris asijue. Atasema ndiyo maana Mirella alimtenda vile, na hataoa tena mpaka afe."

"Shangazi, mimi nimemwahidi."

"Na mimi nakuomba kwa miaka yangu themanini."

Nives akavuta shuka, akaufunika mchoro. Hata yeye alikuwa na hofu yake. Alimpenda Loris mpaka usingizi ulikuwa shida, na ni mchoro huu uliowakutanisha. Je, Loris akimwona na yeye ni Ulaghai?

Kwa wiki mbili mchoro ukakaa chini ya shuka.

"Mbona umeufunika?" Loris aliuliza alipopita kumwona.

"Vumbi tu, mpenzi."

Alhamisi alikuja kutia lifti mafuta, akapanda na mikate ya kukaanga ingali ya moto. Nives alikuwa ananawa mikono. Loris akainua shuka, akauona uso wa bandia mahali pa maua.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Na shangazi?"

"Anajua."

"Kwa hiyo safari hii tena mnajua wote, isipokuwa mimi."

Akaiweka mikate mezani taratibu, akashuka kwa ngazi. Fundi wa lifti, ghorofa nne, kwa ngazi. Nives alilia mpaka mikate ikapoa.

Akampigia siku nne mfululizo, simu haikupokelewa. Akachanganya rangi za maua, mkono ukagoma. Siku ya tano asubuhi akaingia kwenye lifti, akabonyeza kengele ya hatari. Kengele hiyo huita simu ya fundi wa zamu.

"Zamu ya lifti. Umekwama ghorofa ya ngapi?"

"Lifti nzima, na mimi mzima. Nimebonyeza kusudi."

"Nives, kuna watu wamekwama kweli mjini humu."

"Wangapi?"

"Kwa sasa, hakuna."

"Basi nisikilize. Shangazi aliniomba, lakini mdomo ni wangu, mimi ndiye niliyenyamaza. Niliogopa utaniacha. Maua sijayarudisha, na siyarudishi. Upande wa kushoto bado ni mweusi, sijaugusa. Njoo niusafishe ukiwepo. Kitakachotoka utakiona dakika ileile nitakayokiona mimi. Akitoka nyoka, tumwone wote."

"Hebu toka kwenye lifti ya watu," Loris akasema, akakata.

Nusu saa baadaye alifika. Nyuma yake alikuwa shangazi Iole, rangi ya midomo imeenda upande. "Nimemleta na yeye," Loris akasema. "Leo tuone wote."

Nives akaanza. Pamba ikatoka nyeusi, ya pili nyeusi, ya kumi kahawia. Kisha kikatokea kitone cha njano, vikafuata vidole vinne, na mwisho taa inayowaka.

Nives akaacha kazi, akachukua kioo cha kukuzia, akarudi kwenye uso wa bandia. Ulikuwa na ufa kutoka paji hadi kidevuni, na vipande vinadondoka.

"Ulaghai haubebi taa, taa ni ya ukweli," akasema. "Na huyu hajaushika tu uso huu, anaupigiza ukutani. Anauvunja. Ni yeye, Loris. Ni Uaminifu kweli. Kuna mtu aliona uso uliopasuka unatia nuksi kwa maharusi, akaufunika kwa maua."

Shangazi akakaa juu ya sanduku, akalia na kucheka kwa pamoja. Loris akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Haya, shikaneni mikono," shangazi akasema. "Umri wangu hauniruhusu kungoja."

Loris hakunyoosha mkono. "Kwanza. Kuna kingine unachonificha?"

Nives akainama. "Kimoja."

Shangazi akaacha kulia.

"Siku ile sokoni mguu haukuniuma. Nilitaka tu unibebee kikapu."

"Nilijua," Loris akasema. "Nilikugonga mguu wa kulia, ukachechemea wa kushoto."

"Na hukusema?"

"Nilitaka kukibeba."

Mkono wa Nives ulikuwa umejaa masizi hadi kwenye kifundo. Loris akaushika hivyohivyo.