Pipa Zuri Kuliko la Wifi

Mvua iliinyeshea nyumba nzima, lakini asubuhi pipa la wifi lilikutwa kavu kabisa, na la fundi cherehani lilikuwa linafurika.

Nyumba yenyewe ni moja, bati moja, imegawanywa kwa ukuta: huku fundi na mumewe, kule wifi, dada wa mume, msusi mwenye maneno mengi na mkono wa kupanda. Bustani yake ya nyuma haikuzidi upana wa kitanda, lakini nyanya zake zilimkosesha fundi usingizi. Kama hiyo haitoshi, akanunua pipa la kukingia mvua, la udongo, limechorwa maua. Wapita njia wakawa wanasimama kulisifia. Fundi roho ilimuuma, tena ilimuuma haswa.

Akazunguka maduka akitafuta la kumfunika wifi. Ya plastiki aliyabeza. Mwishowe, kwa muuza vyuma chakavu, akakuta la mbao lenye pete za shaba, zuri hata akasahau kuuliza limetoka wapi. Muuzaji alimsaidia kulipakia huku akiangalia pembeni.

Tangu hapo, kuanzia asubuhi ile ya mvua, mambo yakamnyookea. Akizitamani nyanya za wifi, za wifi zinanyauka, zake zinaiva. Hakujiuliza. Alijiambia sasa ni zamu yake, akacheka peke yake jikoni.

Kitu kimoja tu alijidanganya kwamba hakitamani: tumbo la wifi, ambalo sasa lilikuwa kubwa. Yeye, miaka yote ya ndoa, hajawahi kushika mimba.

Alasiri moja, fundi akimpima gauni mteja wake, mama mganga wa mtaa wa nyuma, wifi alitokea mlangoni, mikono yote miwili tumboni.

"Wifi, mtoto hachezi," alinong'ona. "Tangu jana. Nifungie mkoba, niende hospitali."

Fundi akakimbilia uani kumchotea maji ya kunawa uso, na alipoinama juu ya pipa akasikia, kutoka ndani kabisa, kitu kikigonga mbao polepole, du, du, kama kisigino kidogo, na harufu ya maziwa ikapanda, harufu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, ikamjaa puani na kooni hadi akashindwa hata kupiga kelele, na aibu yake kubwa ni kwamba, katikati ya woga ule, mikono yake ilikuwa imelikumbatia lile pipa.

"Achia!" Mganga alikuwa nyuma yake, gauni bado lina pini kiunoni. "Nani kamwalika huyu?"

"Sijamwalika mtu, mama!"

"Huyu jini anakula kijicho. Ukitamani cha mwenzio, yeye anakuletea. Chota umrudishie wifi yako kwa mkono wako mwenyewe, mpaka tone la mwisho. Na moyo uachie, mwanangu. Ukibakisha tamaa, umembakisha na yeye."

Akachota. Kila ndoo aliyoimimina kwenye pipa la udongo ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala begani. Mganga alisoma dua kwa sauti ya chini bila kupumzika. Kata ya mwisho ilipokwangua chini, pete za shaba zikakatika na mbao zikasambaratika uani.

"Ametoka?" fundi aliuliza.

"Kwenye pipa, ametoka."

Hapo hapo wifi, aliyekuwa amejilaza chumbani, akapiga ukelele. "Anacheza! Wifi, njoo, anacheza!"

Fundi alikimbia akilia machozi ya furaha ya kweli. Wifi, naye akilia na kucheka, akaushika mkono wake na kuuweka tumboni. Teke likaja, zito, lenye afya. Fundi akacheka. Na kabla hajalizuia, wazo likampita moyoni: laiti mtoto huyu angekuwa wangu.

Wifi alikuwa bado anacheka. Chini ya kiganja cha fundi, mtoto akatulia.