Kiti Kilichopimwa kwa Mwenyekiti

Kabla ya kuanguka, Blandina aliitwa Mwalimu. Baada ya kuanguka, aliitwa mgonjwa.

Alianguka mara moja tu, kutoka juu ya trela lililojaa mahindi, mwaka wa sabini na tisa. Mgongo ulivunjika. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu tena, hata ukimfinya. Kichwa chake hakikupata hata mchubuko. Lakini watu wa kijiji walianza kusema naye polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba akili nayo imebaki chini ya trela. Jamani, watu!

Aliishi na mumewe, Josephati, na binti yao mdogo, Germana, nje kidogo ya Karatu. Kila asubuhi Josephati alimbeba mgongoni, akamweka mlangoni juu ya ngozi ya ng'ombe, kisha akaenda shambani. Blandina alichambua maharage. Alipukuchua mahindi. Alifuma masweta ya watoto wa watu. Mikono yake haikujua kupumzika.

Kilichomuuma kilikuwa darasa lake la kisomo. Kwa miaka minne alikuwa amewafundisha watu wazima kusoma na kuandika, jioni, katika shule ya msingi ya kijiji. Alipoanguka, darasa lilikufa. Paa la bati la shule aliliona kila siku kutoka pale mlangoni. Mtu mwenye miguu angefika kabla chai haijachemka. Yeye hakuweza.

"Baba Germana, nibebe unipeleke," alimwomba mumewe.

Josephati alimbeba mara mbili. Njiani vijana walicheka. "Mwalimu gani huyo anabebwa kama mtoto mchanga?" Mara ya tatu Josephati alisema mgongo unamuuma. Blandina alijua ni aibu iliyomuuma, si mgongo. Alikasirika, akarudia kuchambua maharage yake.

Ukafika mwaka wa themanini na moja. Redio ikatangaza kwamba huo ni Mwaka wa Walemavu duniani kote. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Qamara, akasikia. Huyu Mzee Qamara alijifunza kuandika jina lake kwa Blandina, herufi moja moja. Lakini tangu Blandina aanguke, mzee hakuwahi kuja hata kumjulia hali. Sasa alisimama mkutanoni na kusema, "Kijiji chetu kitakuwa cha kwanza! Tutamtengenezea mlemavu wetu kiti cha magurudumu. Tena si kiti hivi hivi. Kiti ambacho hakijapata kuonekana!"

Watu wakapiga makofi. Wakafanya msaragambo, kila mtu akijitolea alichonacho. Huyu alileta mbao, yule misumari, yule rangi. Fundi Clemensi, mtengeneza mikokoteni, alikesha akichonga. Hakuna aliyekwenda kumuuliza Blandina.

Jumamosi moja Blandina alisikia nyimbo. Akainua macho. Watu wengi walikuja wakisukuma kitu kikubwa. Kilikuwa kiti cha mbao nzito, chenye magurudumu mawili ya mkokoteni na kigurudumu kidogo nyuma. Mbele kilikuwa na kichwa cha simba, mdomo wazi, meno meupe. Manyoya ya shingoni yalikuwa ya mkonge. Nyuma ulining'inia mkia wa kamba.

Mzee Qamara alimgeukia Josephati. "Haya, mama atakipenda?"

"Mimi nipo hapa," Blandina alisema. "Niulizeni mimi."

Watu wakacheka, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyesema neno la kikubwa. Wanaume wawili wakamnyanyua bila hodi wala samahani. Huyu kashika kwapa, yule kashika miguu. Wakamtia ndani ya simba.

Kiti kilikuwa kipana mno. Blandina aliteleza upande mmoja, akajishika. Miguu ilining'inia hewani. Alinyoosha mikono ashike magurudumu, hakuyafikia. Chini yake palikuwa na ubao mtupu.

"Nitakiendeshaje?" aliuliza.

"Wewe utaendeshwa!" Mzee Qamara alijibu kwa furaha. "Kazi yako kukaa tu."

Wakamsukuma wanaume wanne hadi barabara kuu, ile iendayo Ngorongoro. Wakamweka ukingoni, juani, wageni wamwone. Gari la watalii likasimama. Wazungu wakashuka na kamera. Mmoja akamwekea pipi mapajani, akampapasa kichwa. Blandina, mama mzima! Mtu aliyefundisha watu thelathini kusoma!

"Nirudisheni nyumbani," alisema.

"Bado gari moja," Mzee Qamara alimwambia. "Tabasamu, bwana. Usitie kijiji aibu."

Alikaa pale kuanzia saa nne hadi saa nane.

Jioni ile Josephati alipombadilisha nguo alipiga kelele. "Yesu wangu! Mama Germana, hii nini?" Kwenye makalio, pale mfupa ulipokaa juu ya ubao, ngozi ilikuwa imekufa, nyeusi, na pembeni imechubuka inatoa maji. Blandina hakuwa amesikia chochote. Mwili wake haukuweza kumwambia kwamba unaumia.

Asubuhi Josephati alikwenda kumwita nesi wa zahanati. Aliitwa Naserian, binti wa Kimaasai kutoka Endulen, mrefu, msema kweli. Aliingia, akamsalimu Blandina mwenyewe kwanza, akaomba ruhusa ya kumgusa. Alipoona kidonda alifunga macho kidogo.

"Nisikilize, mama," alisema. "Mtu asiyesikia maumivu hawezi kukaa muda mrefu mahali pagumu. Damu haipiti. Nyama inaoza taratibu, kuanzia ndani. Kidonda hiki kinaweza kukuua."

"Kuniua? Kwa kukaa tu?"

"Kwa kukaa vibaya. Sasa utalala kifudifudi, na mara nyingine kwa ubavu, mpaka pafunge. Usikalie hata kidogo. Baba Germana, utapaosha kila siku kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, yakishapoa. Kitambaa kiwe safi, kichemshwe nacho. Mimi nitakuja kila siku ya tatu. Mpe mayai, maharage, maziwa."

Blandina alilala kifudifudi wiki saba. Wiki saba akitazama udongo wa sakafu! Wakati huo Germana aliletewa habari na watoto wenzake: simba alikuwa amewekwa ofisini kwa mwenyekiti, anafutwa vumbi, kwa sababu mkubwa kutoka wilayani atakuja kupiga naye picha.

Kidonda kilipoanza kufunga, Naserian aliwaita Mzee Qamara na Fundi Clemensi. Walikuja wakakaa kwenye vigoda. Blandina alilala kitandani mwake, uso amewageuzia.

"Shikamoo, mzee," alisema Naserian. "Shikamoo, fundi. Nina swali moja. Mlipotengeneza kile kiti, mlimpima nani?"

Clemensi akajikuna shingo. "Nilimpima mwenyekiti."

"Mwenyekiti?"

"Ndiyo. Kiti chochote cha kijiji nakipima kwa mwenyekiti. Cha ofisi, cha mkutano, vyote. Ndivyo tulivyozoea. Halafu huyu ni mgonjwa, nikaona nisimsumbue."

Josephati alitazama chini. Siku zote zile fundi hakuja kumpima mkewe, na yeye pia hakuuliza kwa nini.

Mzee Qamara alimgeukia Josephati. "Kwani mkeo anasemaje? Kijiji kizima kimejitolea. Mbona hatujasikia hata ahsante?"

Hapo ndipo Blandina alipolipuka.

"Niulize mimi, Mzee Qamara! Mdomo wangu haukuvunjika! Nikushukuru kwa lipi? Kwa kidonda? Kwa kuwekwa barabarani kama nyani, nipewe pipi? Mmetengeneza kiti cha kupigia picha! Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninataka kwenda wapi!"

"Basi taratibu, mama, usipandishe..."

"Napandisha! Nimelala kifudifudi wiki saba kwa ajili ya simba wenu! Kakikalieni wenyewe. Wewe ndiye uliyepimwa, kitakutosha!"

Mzee Qamara alisimama. "Huna shukrani," alisema, akatoka bila kuaga.

Clemensi hakutoka. Alivua kofia, akaishika mikononi. "Mama Germana," alisema, "ulikuwa unataka kwenda wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili mtu kumuuliza hivyo. Blandina alilia, tena kwa hasira ileile. "Darasani kwangu. Peke yangu. Bila kubebwa na mtu."

"Basi nitengeneze upya. Naomba nikupime."

Naserian alimwelekeza fundi, na fundi alipima kwa kamba, akifunga fundo kila mahali. Upana wa nyonga, na kidole kimoja zaidi kila upande, asibanwe wala asiteleze. Urefu wa paja, lakini kiti kiishie vidole vitatu kabla ya goti, kisimkate nyuma ya goti. Urefu wa mguu, ili nyayo zikae juu ya ubao, zisining'inie. Magurudumu mawili makubwa ya baiskeli yawe ubavuni, pale mikono inapofika yenyewe. Juu ya kiti pawe na mto mnene wa sponji.

"Hata ukiwa na mto," Naserian alimwambia Blandina, "jinyanyue kwa mikono kila baada ya robo saa. Huna saa? Imba wimbo wa kanisani mpaka mwisho, mara tatu, halafu jinyanyue. Na kila jioni jitazame ngozi kwa kioo. Ukiona pekundu, bonyeza. Pasipobadilika rangi, usipakalie mpaka papone. Hiyo ni kazi yako mwenyewe, usimwachie mtu."

Kidonda kilipofunga kabisa, Blandina alikijaribu kiti kipya, nacho kikamwangusha. Clemensi aliweka gurudumu dogo la mbele karibu sana na miguu. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mwekundu wa Karatu unajulikana. Gurudumu likazama, kiti kikabinuka, Blandina akalala kwenye tope. Josephati alikimbia kumwinua.

"Ngoja kwanza!" Blandina alimkatalia, uso wote tope. "Fundi, tazama. Uzito wote umeenda mbele. Hilo gurudumu lisogeze mbele kabisa, mbali na miguu yangu. Na liwe nene. Weka la toroli."

Clemensi alichuchumaa, akapima kwa macho, akatikisa kichwa. "Kumbe! Mimi na mikokoteni yangu yote, sikuliona hilo."

Baada ya siku tisa alileta kiti kingine. Hakikuwa na kichwa cha mnyama wala mkia. Mbele kilikuwa kirefu, na gurudumu la toroli lilikaa mbali. Blandina alijivuta kutoka kwenye ngozi mpaka juu ya mto. Akashika magurudumu, akasukuma. Kiti kikaenda. Akapita kwenye tope, gurudumu halikuzama. Akashuka kwenye mteremko, hakikubinuka. Germana alimkimbilia nyuma akipiga vigelegele.

Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaita wanafunzi wake. Kila nyumba aliyofika, mtu alijaribu kuzungumza na Josephati juu ya kichwa chake. Sasa Josephati alijifunza kujibu: "Mwulize mwenyewe." Mwishowe aliacha kumfuata, maana hakukuwa na haja.

Jumatatu jioni alifika shuleni. Watu kumi na tisa walikuwa wanamsubiri. Mlangoni palikuwa na ngazi mbili za mawe. Vijana wanne wakaruka, tayari kumbeba na kiti chake.

"Hakuna kunibeba!" alifoka. "Kesho mtakuwa hamna nafasi, nami nitabaki nje. Leteni majembe. Leteni mawe na udongo. Jazeni hapa, mshindilie, pawe na mteremko."

Wakatazamana. Kisha wakaleta. Walifanya kazi huku Blandina akisimamia, akisema hapa pameinuka, pale bado. Walipopumzika, aliwafanya waandike majina yao palepale nje, kila mtu na kibao chake cha kuandikia magotini. Jua lilipokuwa linazama, mteremko ulikuwa tayari.

Wakati huo Mzee Qamara alitokea. Alikuwa na daftari jipya kwapani. Hakumtazama mtu usoni. Alipoona Blandina anaukabili mteremko, aliharakisha, akanyoosha mikono kukamata kiti kwa nyuma. Halafu mikono ikasimama hewani. Akazunguka, akaja mbele, akainama kidogo ili macho yao yawe sawa.

"Mwalimu," alisema, "nikusukume?"

Blandina alimtazama. Hasira ilikuwa bado ipo, wala hakuificha.

"Hapana," alisema. "Umechelewa. Ingia ukae."

Mzee Qamara akaingia, akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao. Blandina akapanda mteremko kwa mikono yake, akafika mbele ya darasa, akachukua chaki.