Sauti ya Bibi na Swichi ya Ukutani

Baba wa nyumba hii ni mwoka mikate. Hutoka jua halijachomoza, na hurudi mchana nguo zikinukia hamira. Akiingia tu, kabla hata ya kuvua viatu, huzunguka nyumba nzima akizima. Taa ya bafuni inawaka bure? Zima. Feni inapepea viti? Zima. Chaja imesahauliwa ukutani? Zima, kisha chomoa. Majirani wamempa jina: Mzee wa Swichi. Jina lenyewe halimuudhi hata kidogo.

"Mama yangu ndiye aliyenifunza," husema. "Nikiacha leo, atanikaripia huko huko aliko."

Mama yake huyo, yaani Bibi, alifariki mwaka uliopita. Siku za mwisho alimwita Baba karibu na kitanda. Alimwambia awashe simu, arekodi maneno yake kwa ajili ya Shangazi. Shangazi ni dada yake Baba, na anafanya kazi nchi ya mbali. Bibi aliagiza hivi: "Msimtumie huko aliko. Asikilize akiwa humu ndani, amekaa kwenye kiti changu."

Shangazi hakuwahi mazishi. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Kila akipiga simu alikuwa akiuliza, "Kaka, ile amana yangu ipo?" Na Baba alikuwa akimjibu, "Ipo, dada. Imetulia."

Ilikuwa imetulia kweli. Binti wa nyumba, kifungua mimba, aliihamishia sauti hiyo kwenye kompyuta ya sebuleni. Baadaye simu ya Baba ilitumbukia kwenye ndoo ya maji kazini, ikafa papo hapo, akanunua nyingine. Basi sauti ya Bibi ikabaki mahali pamoja tu duniani. Hakuna aliyeliwaza hilo. Mtu huwazia mwavuli mvua ikishamlowesha.

Sasa Shangazi alikuwa anakuja. Angefika Jumamosi.

Jumatano mchana, Binti aliwasha kompyuta. Ujumbe ulitokea kwenye skrini. Ulisema kwamba toleo jipya la mfumo endeshi liko tayari. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoziongoza programu nyingine zote. Bila mfumo huo, kompyuta ni sanduku tu la kuwekea maua juu.

Binti alifurahi. Alitaka Shangazi aikute kompyuta ikiwa safi na ya kisasa. Akabonyeza kukubali. Skrini ikaandika: "Tafadhali usizime kompyuta." Asilimia zikaanza kupanda, polepole kama mtu anayepanda ngazi na magoti yanauma. Binti akachoka kutazama. Akatoka uani kumsaidia Mama kuanika nguo.

Huku nyuma, kompyuta ilifika mahali pa kujizima na kujiwasha yenyewe. Skrini ikawa nyeusi kwa muda. Na ndipo Mzee wa Swichi alipoingia.

Aliitazama skrini nyeusi. Akaona kitaa kidogo kinawaka kwenye kompyuta. "Watoto hawa!" akanung'unika. "Hawaitumii, lakini umeme wanaulisha." Akainama, akazima swichi ya ukutani. Kisha akaenda kulala usingizi wake wa mchana, moyo mweupe.

Binti aliporudi, alikuta swichi imezimwa. Hakushangaa. Katika nyumba hii, kukuta swichi imezimwa si habari. Akaiwasha, akawasha na kompyuta, akakaa kusubiri.

Kiduara kilizunguka kwenye skrini. Kikazunguka sana. Halafu yakatokea maneno kwamba kompyuta imeshindwa kuwaka vizuri. Ikajizima. Ikajiwasha. Kiduara tena. Maneno yale yale tena.

"Mama!" Binti aliita. "Mama, njoo!"

Mama alikuja mbio, vibanio vya nguo mkononi. Baba naye aliamka. Alisikiliza kidogo tu, na uso ukabadilika.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimeweka toleo jipya, Baba. Lilikuwa linaomba lenyewe."

"Linaomba! Na ukiombwa ujirushe kisimani utajirusha? Umeiharibu! Unajua kilichomo humo? Jumamosi nitamwambia nini dada yangu?"

Machozi yalimlengalenga Binti. Baba alikigonga kile kisanduku ubavuni, kama alivyozoea kuigonga redio. Haikusaidia. Akampigia simu mwenzake wa kazini, mtu wa kujua kila kitu, kuanzia tiba ya mafua hadi siasa.

"Rahisi tu," mwenzake alisema. "Itakuletea machaguo. Chagua kufuta kila kitu na kuanza upya. Itawaka kama mpya."

Kweli, baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa, kompyuta ilileta machaguo. Baba akashika kipanya. Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe, Mama alipomshika mkono.

"Baba Kifungua, hebu soma kwanza kwa sauti."

"'Futa kila kitu,'" Baba akasoma.

"Kila kitu," Mama alirudia. "Na mama yako naye yumo humo."

Baba aliuondoa mkono haraka, kana kwamba amegusa bati lililotoka kwenye tanuri. Akakaa chini. Kijasho kilimtoka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alionekana kama mtoto wa mtu.

"Kuuliza si ujinga," Mama alisema. "Naenda kumwita jirani."

Jirani wa mlango wa pili ni fundi wa kompyuta. Ni mama wa makamo, mpole, na kazi yake ni kuzunguka maofisini akitengeneza mashine. Alipotoka kazini jioni ile alipitia moja kwa moja, mkoba ukiwa begani.

"Hodi!"

"Karibu, jirani! Karibu sana."

"Shikamoo," Binti alisalimia kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona nyumba imepoa hivi? Nani kafa?"

"Hajafa mtu," Baba alijibu. "Ila tunaogopa mtu atakufa mara ya pili." Akamweleza habari za sauti ya Bibi.

Fundi hakuigusa kompyuta. Alivuta kiti, akakaa.

"Kwanza niambieni, mmefuta chochote?"

"Nusura," Mama alisema, akimtazama mumewe.

"Mshukuruni Mungu kwa hiyo nusura. Kufuta ni dawa ya mwisho kabisa, na haitolewi kabla vitu vyako havijaokolewa. Haya. Ilikuwa inafanya nini kabla ya kuharibika?"

Binti alieleza yote: ujumbe, asilimia, nguo za kuanika.

"Uliporudi, ulikuta inawaka au imezimwa?"

"Imezimwa. Swichi ya ukutani ilikuwa..." Binti akasita. Akageuka taratibu kumtazama baba yake. Mama naye akageuka. Fundi hakuwa na haja ya kuambiwa. Jina la Mzee wa Swichi linajulikana mtaa mzima.

Baba alikohoa. Alitazama dari. Dari haikumsaidia.

"Skrini ilikuwa nyeusi," akasema. "Nilidhani imelala bure."

"Wewe ni mwoka mikate," Fundi alisema. "Ukishatia mikate kwenye tanuri, nami nikaja katikati nikazima moto, utatoa nini?"

"Uji mgumu," Baba alijibu kwa huzuni. "Si mkate, wala huwezi kuurudisha uwe unga."

"Ndiyo hivyo hivyo. Kompyuta ilikuwa inatoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Ukaikatia umeme njiani. Sasa haipo huku wala kule. Skrini kuwa nyeusi kwa muda wakati ule ni kawaida. Unaiacha, hata ikichelewa."

"Kwa hiyo mama yangu naye ameiva nusu?"

Fundi alicheka, na kicheko chake kiliwapa wote nguvu. "Hapana, jirani. Lililoharibika ni jiko. Vitu vyako viko kabatini, na nadhani kabati liko salama. Tusidhani tu. Twende tukaangalie."

Alichomoa kwanza kila kilichoning'inia kwenye kompyuta: printa, flashi ya zamani, waya wa kuchajia simu. "Wakati mwingine vitu hivi tu ndivyo vinavyoizuia kuwaka," alisema. Akajaribu kuiwasha. Kiduara kile kile. "Sawa. Si hivi."

Kisha akatoa flashi yake mkobani. "Humu ndani nina mfumo endeshi mdogo. Kompyuta itawaka kwa kutumia huu, wala haitaugusa ule ulioharibika. Kwanza tunaokoa, halafu ndipo tunatengeneza. Msibadilishe mpangilio huo maishani."

Kompyuta ikawaka. Ilikuwa na sura ngeni, lakini iliwaka. Fundi akafungua diski ya ndani. Picha za familia hizi hapa. Nyimbo hizi hapa. Binti akaonyesha folda moja kwa kidole. Ndani yake kulikuwa na faili moja: Amana ya Shangazi.

Fundi alinakili kila kitu kwenye diski yake ya nje. Ile sauti akainakili mara nyingine kwenye flashi mpya ya Binti.

"Nakala ambayo hujaifungua usiitegemee," alisema. "Tusikilize kidogo tu."

Akabonyeza. Kukasikika mkwaruzo, kikohozi, halafu sauti ya kikongwe, karibu kabisa: "Imewaka hii simu? Nisije nikawa naongea na ukuta."

Baba aliangua kicheko, na ndani ya kicheko kilio kikatoka. "Inatosha," alisema, akijifuta macho kwa kiganja. "Inatosha, jirani. Mengine ni ya dada yangu."

Akamgeukia Binti. "Mwanangu, nimekubebesha mzigo wangu. Nimekukaripia kwa kosa langu. Nisamehe, mama."

"Yameisha, Baba," Binti alisema. Safari hii machozi yalimtoka kweli, lakini yalikuwa mengine.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Fundi aliondoa flashi yake, akarudi kwenye yale machaguo ya kompyuta. Hakuchagua kufuta. Alichagua kurudi kwenye toleo la awali. Mashine ikafanya kazi kwa muda mrefu, na Baba akaagizwa akae juu ya mikono yake. Hatimaye sura waliyoizoea ikarudi. Mama alishusha pumzi mpaka pazia likatikisika.

"Ila kuna jambo lingine," Fundi alisema. "Diski hii imejaa pomoni. Toleo jipya linahitaji nafasi ya kutosha. Hata bila Mzee wa Swichi, huenda lingekwama. Nani mwenye tamthilia zote hizi?"

Sasa ilikuwa zamu ya Mama kutazama dari.

"Ehee!" Baba alisema. "Kumbe tuko wengi!"

"Basi tusiliweke tena hilo toleo," Mama alisema. "Limetutosha."

"Hapana, shoga. Liwekeni. Matoleo mapya huziba mianya ambayo wezi wa mitandaoni hupitia. Kosa halikuwa kuweka. Kosa lilikuwa kuweka bila kujiandaa. Sasa nakala mnazo. Punguzeni tamthilia. Chagueni siku ambayo umeme umetulia na hakuna mwenye haraka. Na wote mliomo ndani mjue kinachoendelea."

Tamthilia zilipungua, ingawa Mama aliziaga moja moja. Ijumaa mchana Binti alibonyeza tena kukubali. Safari hii alibandika karatasi juu ya swichi: USIZIME. Baba hakuridhika na karatasi. Alivuta kiti, akakaa mbele ya swichi, mikono kifuani.

Skrini ikawa nyeusi. Baba akakunja vidole.

"Baba Kifungua," Mama aliita kutoka jikoni.

"Sijaigusa!"

"Nimekuita tu nikuone."

Skrini ikawaka. Toleo jipya lilikuwa limeingia, na vitu vyote vilikuwa mahali pake. Binti alifungua picha, akafungua barua zake, akaangalia ile folda. Yote sawa. Akapiga makofi, na Baba akapiga pia, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kuzima feni ya chumbani.

Jumamosi Shangazi alifika. Alikumbatiwa, akalishwa, akataniwa na wifi yake kwamba ugenini kumemnenepesha. Alicheka, lakini macho yalikuwa yakienda kwenye kile kiti cha pembeni. Mwisho akainuka mwenyewe, akaketi. Binti akabonyeza.

"Imewaka hii simu? Nisije nikawa naongea na ukuta. Haya. Mwanangu, najua utakuwa mbali nitakapoondoka. Usijilaumu. Mimi ndiye niliyekutuma uende, na hukunikosea. Nilikuwa nikikuona kila siku katika dua zangu. Sasa umerudi, umekaa kwenye kiti changu. Hayo yananitosha."

Shangazi alijifunika uso kwa viganja viwili. Mabega yalimtikisika. Mzigo wa mwaka mzima ulikuwa ukimtoka.

Sauti haikuwa imekwisha. Bibi alikohoa, akaendelea: "Na sasa hebu inuka ukazime taa ya ukumbini. Mchana wote huu inamwangazia nani?"

Wote waligeuka. Taa ya ukumbini ilikuwa inawaka. Katika pirikapirika za kumpokea mgeni, hata Mzee wa Swichi alikuwa ameisahau.

Baba alinyanyuka, lakini Shangazi alimwahi.

"Kaa, kaka," alisema, uso umelowa, meno yote nje. "Leo nimetumwa mimi."

Akaenda, akaizima.