Bampa ya Gari la Wagonjwa

Hakuwa na baiskeli. Hakuwa na kaka wa kumtetea, wala viatu vya kubadilisha, wala ulimi mwepesi wa kumjibu mtu papo hapo. Subira nayo, kama shangazi yake alivyopenda kusema, alipimiwa kwa kijiko cha chai. Alichokuwa nacho ni mikono. Mikono ile ilijua kuichukua bampa ya plastiki iliyopaushwa na jua, ya kijivu kama kisigino kisichopakwa mafuta, na kuirudishia weusi wake. Ndiyo maana wenzake walimwita Bampa.

Kila akitoka shule alivua sare na kuingia kazini, kwenye kituo cha shangazi cha kuosha magari. Alisugua plastiki kwa brashi na sabuni mpaka povu litoke jeupe. Akaikausha hadi kwenye mikunjo, akabandika tepu pembeni ili rangi ya gari isiguswe, ndipo akapaka dawa kwa sponji, kidogo kidogo.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kituo kingine, na mwenye kituo alikuwa na mtoto wa kiume aliyesoma darasa moja na Bampa. Huyo aliitwa Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

"Bampa anapaka dawa ya viatu!" Kasuku aliwatangazia wateja. "Ngojeni mvua inyeshe, mtaona gari likilia machozi meusi!"

Ulikuwa uongo mtupu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Kasuku ilifika mbali: dereva wa gari la wagonjwa, mteja wao mkubwa, akahamia ng'ambo.

"Shangazi, twende tukamseme!"

"Mwache. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Kwa hiyo leo tutakula methali?"

Shangazi alicheka, akamrushia kitambaa kichafu. "Kafue hicho, na hasira zako uzifulie humo humo."

Hasira hazikufulika. Kuanzia siku ile Bampa alilala na kisasi, akaamka nacho, akakipeleka shule.

Kasuku, kwa upande wake, alikuwa amepata gari lakini kazi haijui. Akaanza kuchungulia kwenye tundu la uzio wa mabati wa kina Bampa. Bampa aliliona jicho lake. Badala ya kumfukuza, alichukua bampa kuukuu iliyotupwa uani, akachovya tambara kwenye kopo la oili chafu ya injini.

"Siri yenyewe ndiyo hii," alisema kwa sauti, kana kwamba anajikumbusha. "Oili chafu, tena nyingi! Huoshi, hukaushi. Unapakaza tu."

Jicho likatoweka.

Kesho yake gari la wagonjwa liling'aa kuliko siku zote. Bampa aliketi juu ya ndoo, akasubiri mawingu kama mkulima. Mvua iliponyesha, oili ilichuruzika na kuacha michirizi kwenye milango myeupe. Dereva alirudi akifoka, na Bampa akasimama ukingoni mwa barabara, akapaza sauti: "Kasuku! Gari linalia machozi meusi!" Alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Ilikuwa tamu, jamani, tamu kweli.

"Rangi si neno!" dereva alikuwa akimwambia baba yake Kasuku. "Muuguzi amekanyaga bampa ya nyuma akipanda kumshika mgonjwa. Ameteleza, amevunjika mkono!"

Bampa akaacha kucheka. Sheria ya kwanza aliyofundishwa na shangazi ilikuwa hiyo: pa kukanyaga hapapakwi kitu. Kwa kumtazama Kasuku peke yake, alisahau kwamba gari lina watu.

"Nilimwona Bampa akifanya hivyo!" Kasuku alilia.

"Nyamaza, mwongo wewe!" baba yake alinguruma. "Hospitali wanamtaka aliyefanya. Nitakupeleka mimi mwenyewe."

Hakuna aliyemwamini. Bampa angenyamaza tu, kisasi kingetimia. Lakini akaingia ndani, akamweleza shangazi yote.

Shangazi hakufoka. Aliketi.

"Kasuku alikuharibia jina," alisema. "Wewe umemvunja mkono mtu asiyekujua hata kwa sura. Kisasi ni kama ile oili, mwanangu. Ukishaimwaga, huichagulii pa kwenda."

Walivuka barabara pamoja, na Bampa akasema yote mbele ya dereva na baba yake Kasuku. Halafu watoto wawili wakapewa maji ya moto, sabuni na brashi, wakasugua ile bampa mpaka ikabaki kijivu, kavu.

"Ulinidanganya," Kasuku alinong'ona.

"Wewe ulianza."

"Nilianza, ndiyo." Akasugua kidogo. "Dereva nishamwambia, ile ya dawa ya viatu niliitunga."

Jioni Bampa aliandika barua kwa muuguzi na wakuu wa hospitali. Alieleza alichofanya na kwamba alikusudia, akaomba radhi, akaomba Kasuku asiadhibiwe kwa kosa lake. Mwishoni akaongeza: *Lakini yeye ndiye aliyeanza.*

Shangazi alisoma, akaweka kidole kwenye mstari huo. "Huu ni mzigo wa Kasuku. Mwachie aubebe. Mtu mzima huungama la kwake bila kulifunika kwa la mwenzake."

Bampa alikunja uso. Hasira bado ilikuwepo, ndogo, yenye meno. Hata hivyo alichukua karatasi nyingine, akaandika yote upya bila mstari ule, akakomea kwenye jina lake. Aliikunja, akailamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba mpaka gundi ikashika. Kisha akatembea hadi kwenye sanduku la posta, akaitumbukiza.